Mtoto wa Mwezi wa Sita



Mwinjili Luka, ambaye mapokeo ya Kanisa humwita tabibu, hakosi kuhesabu miezi. Atuambia kwamba malaika alipomwendea Mariamu, Elisabeti alikuwa katika mwezi wa sita wa mimba yake. Na Mariamu alipoingia nyumbani akamsalimu, mtoto aliruka tumboni. Wengi hupita hapo upesi ili wafike kwenye wimbo wa Mariamu. Sisi leo twaomba tusimame kidogo, maana mwezi huo wa sita umekuwa mpaka unaogombaniwa na madaktari, wanasheria na Kanisa pia.

Tutazame Uingereza, ambako mashauri haya yamefika mahakamani waziwazi. Sheria ya mwaka 1967 iliruhusu mimba itolewe ikiwa madaktari 2 wameona, kwa nia njema, kwamba ipo mojawapo ya sababu zilizotajwa. Mpaka ulikuwa wiki 28, kwa kuwa sheria ya mwaka 1929 ilihesabu kwamba mtoto wa umri huo aweza kuzaliwa hai. (Kanuni ya Adhabu yetu hapa Tanzania ilirithi hesabu hiyo hiyo ya wiki 28.) Mwaka 1990 Bunge lao likaurudisha mpaka hadi wiki 24 kwa sababu zilizo nyingi, maana hospitali zilikuwa zimejifunza kuwalea watoto njiti wadogo zaidi. Wiki 24 zaangukia ndani ya mwezi wa sita. Lakini sababu 3 ziliachwa bila mpaka wowote: kuokoa maisha ya mama, kumwepusha mama na madhara mazito ya kudumu, na hatari kubwa kwamba mtoto atakuwa na ulemavu mzito. Mimba zinazotolewa huko baada ya wiki 24 ni chache, kama 1 katika kila 1,000.

Mwaka 2001 mojawapo ya hizo chache ilitolewa kwa kuwa mtoto alionekana ana mdomo sungura na kaakaa lililopasuka. Habari hiyo ilimfikia Joanna Jepson, mwanamke kijana aliyekuwa kasisi msaidizi katika Kanisa la England. Yeye mwenyewe alizaliwa na kasoro ya taya, akatengenezwa kwa upasuaji. Na ndugu yake ana hali iitwayo Down. Akauliza: je, mdomo sungura ni ulemavu mzito? Polisi walipokataa kuwashitaki madaktari alikwenda mahakamani, na Desemba 2003 Mahakama Kuu ikamruhusu kupinga uamuzi huo. Shauri likachunguzwa upya. Machi 2005 waendesha mashitaka wakasema kwamba madaktari walikuwa wameamini kwa nia njema kuwa hatari ilikuwa kubwa, wala hawatashitakiwa. Baadaye Heidi Crowter, mwanamke mwenye hali ya Down, aliipinga sheria yenyewe. Akashindwa mwaka 2021, na tena katika rufani mwaka 2022.

Hatusemi kwamba madaktari wale ni wauaji. Waliopewa kazi ya kuchunguza hawakusema hivyo, nasi hatukuwamo chumbani. Lakini twaona kwamba kasisi yule aliuliza swali lililopasa kuulizwa.

Yako mambo ambayo wapinzani wake husema, na si haki kuyaficha. Mimba hizi za mwisho aghalabu zilitakiwa sana, na pengine jina la mtoto limekwisha kuchaguliwa. Wazazi huchelewa kwa sababu kasoro nyingi hazionekani mpaka kipimo cha ultrasaundi cha wiki ya 20 hivi, kisha vipimo vingine huhitaji muda. Ziko kasoro ambazo hakuna mdomo unaoweza kuziita ndogo, kama pale ambapo fuvu na ubongo havikuumbika, na mtoto akizaliwa hai huishi saa au siku chache tu. Mama anayebeba mimba ya namna hiyo tusimhubirie kutoka mbali.

Hata hivyo iko tofauti ambayo watu huichanganya, nayo ndiyo kiini cha neno letu. Mama akishikwa na dalili za kifafa cha mimba, shinikizo la damu likapanda na macho yakaona giza, dawa hutuliza, lakini kinachoondoa ugonjwa ni mtoto kutoka. Daktari humzalisha kabla ya wakati, kwa uchungu wa kuanzishwa au kwa kisu. Ikiwezekana, mama huchomwa kwanza sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Kisha mtoto akiwa mdogo huwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzishwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Pengine mtoto hufa. Lakini hakuna aliyekusudia afe, na tusikubali mtu amwambie mama huyo kwamba ametoa mimba. Kumbe mimba inapotolewa kwa ajili ya ulemavu baada ya mwezi wa sita, desturi ya huko ni kuusimamisha moyo wa mtoto kwa sindano kabla hajazaliwa, kwa kuwa bila hivyo aweza kutoka hai. Kazi ya kwanza ni kumaliza mimba. Ya pili ni kumaliza mtoto. Hapo ndipo twashindwa kuwafuata, hasa kwa ajili ya mdomo ambao daktari wa upasuaji aweza kuushona.

Februari 2018 Sinodi Kuu ya Kanisa la England iliwapokea kwa azimio watu wenye hali ya Down, ikataka wazazi wapewe habari kamili zisizoegemea upande mmoja. Ni vizuri. Lakini kwetu, ambako ultrasaundi yenyewe ni safari, mtoto huzaliwa kwanza, ndipo hukumu huanza. Jirani hunong'ona kwamba mama amelogwa au alimcheka mlemavu. Baba huuliza ni ukoo gani umeleta kitu hiki. Mtoto hufungiwa chumba cha ndani, nasi walimu tulimwona akiwa na miaka 9, hajui kusoma, akificha mdomo kwa kiganja. Tuna neno gani la kuwaambia Waingereza?

Basi, mwenye mtoto wa namna hiyo asikilize. Mdomo sungura wapasuliwa na kushonwa mtoto akiwa na miezi 3 hivi, akiwa na afya na uzito wa kutosha. Kaakaa hungoja mpaka karibu mwaka mmoja. Zipo hospitali nchini zinazofanya kazi hiyo, CCBRT ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Mtoto akishindwa kunyonya, mama akamue maziwa na kumnywesha kwa kikombe au kijiko, amekaa wima ili asipaliwe. Mariamu alikaa kwa Elisabeti kama miezi 3. Akina mama wa Kanisa wenye nafasi waweza kukaa hata wiki moja, na nauli ya kwenda hospitali yaweza kutoka katika sanduku la maskini.