Treni Imekurudisha: Je, Umefika Nyumbani?

Masomo: Zaburi ya 127, Luka 2:41–52



Katika parishi yetu wako wengi ambao siku yao ya kazi huanza stesheni. Alfajiri, giza lingali limetanda, utawaona wakitembea hima kuelekea stesheni ya Syokimau: karani, muuguzi, fundi wa umeme, mwanafunzi wa chuo, mama mwenye kikapu chake. Jioni treni huwarudisha, umati humwagika langoni, na kila mtu hushika njia yake. Leo nataka tuutazame usafiri huu kwa mwanga wa Neno la Mungu. Mungu wetu si Mungu wa Jumapili peke yake. Siku zetu tangu Jumatatu hadi Ijumaa nazo zimo katika hesabu yake.

Zaburi ya 127 ni moja katika zile zaburi 15, kuanzia ya 120 hadi ya 134, ziitwazo nyimbo za kupanda. Waalimu wengi wa Biblia hueleza kwamba mahujaji waliziimba walipokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Basi huu ni wimbo wa wasafiri. Lakini angalieni jambo moja: wimbo huu wa wasafiri hausemi lolote juu ya barabara. Wasema juu ya nyumba, mji, mlinzi wa usiku, mkate, usingizi na watoto. Miguu ya msafiri iko njiani, na moyo wake uko kwake.

Mwimbaji atufundisha kwamba jasho la mafundi na macho makavu ya mlinzi hayafui dafu ikiwa Mungu hayumo katika kazi hiyo. Kisha awageukia wale wanaoamka mapema mno na kuchelewa kupumzika, ambao mkate wao umekandwa kwa taabu. Nani kati yetu asiyejiona hapo? Halafu, bila kutuandaa, aanza kusema habari za watoto, ya kuwa wao ni urithi utokao kwa Mungu. Asomaye haraka huweza kudhani kwamba hizi ni nyimbo mbili zilizoshonwa pamoja. La hasha! Neno ni moja. Mtu aweza kujitaabisha kwa ajili ya nyumba yake, hata katika taabu hiyohiyo akaipoteza nyumba yenyewe.

Na tukumbuke reli hii ilitoka wapi. Wakamba husimulia habari za Syokimau, mwanamke mwonaji aliyetabiri kuja kwa nyoka mrefu atakayeipita nchi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ukafika Kisumu kwenye ziwa. Mahali palipo na jiji la Nairobi leo palikuwa mbuga yenye maji, na ni reli iliyouzaa mji huo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki aliifungua stesheni yetu yenye jina la mwonaji huyo, kiasi cha kilomita 16 kutoka stesheni kuu ya Nairobi, kwa njia ya Imara Daima na Makadara. Mwaka 2017 reli mpya kutoka Mombasa ilifika, na kituo chake kikuu kikajengwa hukuhuku kwetu. Na Novemba 2020 huduma ya treni za abiria wa mjini ilizinduliwa upya, kwa treni za dizeli zilizonunuliwa Uhispania zikiwa zimekwisha kutumika huko.

Kwa mambo haya tumshukuru Mungu. Mtu aliyewahi kukwama katika msongamano wa magari kwenye barabara ya Mombasa, mvua ikinyesha na matatu haisogei, hahitaji kuhubiriwa juu ya faida ya treni. Ni baraka, nasi tuipokee kama baraka.

Lakini reli hiyohiyo ilitujia na desturi ambayo wazee wetu hawakuwa nayo, yaani mtu kulala mahali pamoja na kutafuta riziki mahali pengine, siku zote za maisha yake. Babu zetu walilima shamba lililoonekana kutoka mlangoni. Mtoto alimwona baba yake akitoka jasho, akajua chakula kinatoka wapi. Alimwona mama yake akichoka, akajifunza kuchukua mtungi bila kuambiwa. Mtoto wa leo haoni kazi ya mzazi wake. Huona mgongo wa mzazi akitoka, tena kama ameamka mapema.

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi, na kila mwaka niliwapa watoto insha ya kuandika juu ya wazazi wao. Kijana mmoja wa darasa la nne aliandika hivi: kwamba yeye hujua baba yake alilala nyumbani, kwa sababu asubuhi hukuta mkate mezani. Hakuandika kwa kulalamika. Alikuwa akimsifu baba yake. Naye baba yule alikuwa mtu mwema, hanywi pombe, analipa karo kwa wakati. Lakini mtoto yule alimjua baba yake kwa mkate tu. Ndugu zangu, mkate ule ulikuwa upendo. Hata hivyo, upendo unaofika mezani mtoto akiwa amelala, na kuondoka kabla hajaamka, wahitaji kuongezewa kitu.

Mtakatifu Luka atupa habari inayofanana na hiyo. Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kwa Pasaka, na Yesu alikuwa na umri wa miaka 12. Walipokuwa wakirudi, walisafiri mwendo wa siku nzima wakiamini kwamba mtoto yumo katika msafara, pamoja na jamaa na majirani. Hawakuwa wazazi wabaya. Hawa ndio Mungu aliowachagua miongoni mwa watu wote. Nao pia walisafiri siku nzima bila mtoto, wasijue. Kosa lao halikuwa ukatili, lilikuwa kudhania. Na sisi je? Twadhania mtoto yumo: yumo kwa mwalimu, yumo kwa shangazi, yumo kwa msichana wa kazi, yumo kwenye Shule ya Jumapili. Sifa ya Yusufu na Mariamu ni kwamba walipogundua waligeuka, wakarudi njia ileile, wakamtafuta mpaka wakamwona. Hawakusema, “Tumekwisha kutembea mbali mno.”

Sasa, tujifunze mambo matatu kutoka kwa reli yenyewe.

Kwanza, dereva wa treni haanzi kufunga breki akiwa stesheni. Treni ni nzito, na gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Akingoja mpaka alione jukwaa chini ya dirisha lake, atalipita. Huanza kupunguza mwendo kutoka mbali. Vivyo hivyo mtu hawezi kuja na mwendo wa kazini mpaka mlangoni, kisha akatazamia kuwa baba au mama mara tu agusapo kitasa. Treni ikitoka Makadara, anza kufunga breki. Yaache makaratasi ya ofisini. Wataje watu wa nyumba yako mmoja mmoja mbele za Mungu, kwa majina yao. Huyu ana mtihani kesho. Huyu alikohoa jana usiku. Huyu tulikosana naye asubuhi. Kati ya Makadara na Syokimau maombi hayo yatatosha, wala hapana atakayejua kwamba unaomba.

Pili, reli si zote zenye kipimo kimoja. Reli ya zamani ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Reli mpya ya kutoka Mombasa ina upana wa milimita 1,435. Kwa sababu hiyo treni ya Mombasa haiwezi kuendelea mpaka stesheni kuu ya mjini. Abiria hushuka huku kwetu, akachukua mizigo yake, akapanda treni nyingine. Kazini na nyumbani navyo havina kipimo kimoja. Kazini uko wewe unayeamuru, ama uko wewe unayeamriwa kutwa kucha. Ukiingia nyumbani na sauti ya msimamizi wa kiwanda, gurudumu halitashika reli. Na ukiwa umetukanwa kutwa, ukaja kumwaga matusi hayo juu ya mkeo au mumeo, umeipakia nyumba yako mzigo wa watu wengine. Shuka kwanza! Kaa kidogo, nawa uso, salimia kila mtu. Kisha panda treni ya nyumbani.

Tatu, penye njia moja ya reli treni mbili haziwezi kupishana popote zipendapo. Moja hungoja katika njia ya pembeni mpaka nyingine ipite. Treni inayongoja haijashindwa, na ile inayopita si bora kuliko mwenzake. Pasipo kungoja huko, zote mbili zingeangamia. Mume na mke waliorudi wote wawili wamechoka wamo katika njia moja. Leo mmoja angoje, mwenzake aseme yaliyompata. Kesho zamu ibadilike. Ndoa nyingi tunazozisuluhisha hapa kanisani hazikuvunjwa na dhambi kubwa. Zilivunjwa na watu wawili wema, waliochoka, ambao hakuna aliyekubali kungoja pembeni.

Najua mtu atasema, “Mwalimu, wewe umestaafu. Kodi ya nyumba hainingoji, na mwajiri hajui zaburi.” Neno hilo ni la kweli, nami sitalipinga. Wako hata wasioweza kulipa nauli ya treni, watembeao kwa miguu kila siku kutoka Mukuru na Kibera mpaka Eneo la Viwanda, na jioni wakarudi vivyo hivyo. Yuko askari wa usiku, ambaye hutoka kwake wakati sisi tunaingia kwetu. Zaburi yetu yamtaja mlinzi, wala haimlaumu kwa kukesha. Mungu hamhukumu mtu kwa saa ambazo mwingine amezichukua.

Kwa hiyo, sehemu ya neno hili yatuhusu sisi wenye kuajiri. Yule msichana atunzaye watoto wako huenda ana mtoto wake mwenyewe aliyemwacha kijijini kwa bibi. Je, wajua jina la mtoto huyo? Je, humpa nafasi ya kwenda kumwona? Na yule umwajiriye dukani, wamwachilia saa ngapi? Haifai kumwomba Mungu atujengee nyumba zetu huku tukibomoa za wenzetu kwa mikono miwili.

Na kanisa nalo lijihoji. Jumanne kamati, Jumatano mazoezi ya kwaya, Alhamisi mkutano wa mchango, Ijumaa kesha. Hayo yote ni mema. Lakini mama aliyeshuka kwenye treni jioni, akapitia kanisani, akafika kwake watoto wamelala, amepotezewa jioni yake na sisi. Viongozi na wajiulize ni mikutano mingapi ingeweza kuunganishwa.

Nanyi mwaweza kuanza wiki hii. Chagueni jioni moja tu, ambayo wote mtakula pamoja, hata kama chakula chenyewe ni ugali na sukuma wiki na saa imekwenda. Simu zikae kando mpaka sahani zioshwe. Kila mtu aseme jambo moja la siku yake, kuanzia mdogo. Kisha someni mistari michache, mtu mmoja aombe, mkalale. Asiyerudi usiku na achague asubuhi ya Jumamosi. Anayelea watoto peke yake, jirani na amkaribishe mezani. Na mzazi aliyekwisha kupoteza miaka mingi asikate tamaa. Yusufu na Mariamu waliona ni afadhali kurudi mwendo wa siku nzima kuliko kuendelea mbele bila mtoto.

Zaburi yetu ina neno la faraja: kwamba Mungu huwapa wapenzi wake usingizi. Yeye hahitaji tuhangaike mpaka usiku wa manane ndipo atukubali. Nyumba ni yake, nasi tu wajenzi wasaidizi. Tukiifunga siku mikononi mwake, hata ile iliyobaki bila kumalizika, yeye hukesha tukiwa tumelala.

Tuombe.

Ee Baba wa mbinguni, uliyemlea Mwanao katika nyumba ya fundi seremala, uwabariki wote watokao alfajiri kutafuta riziki, na wote wanaowangoja. Uwalinde madereva na wafanyakazi wa reli. Uwakumbuke watembeao kwa miguu, wakeshao usiku, na walio mbali na watoto wao. Uilainishe mioyo ya waajiri. Utupe jioni moja ya amani, na neema ya kuitumia vema. Na siku yetu ya mwisho utufikishe kwako, kwenye nyumba uliyoijenga mwenyewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.