Udhuru wa Mdudu Chungu



Katika Sura ya Chungu Mwenyezi Mungu Mtukufu ametupa khabari ya jeshi la Nabii Suleiman (A.S.), jeshi la majini na watu na ndege, lilipofika kwenye bonde la wadudu chungu. Mdudu mmoja akawaonya wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na Suleiman na majeshi yake hali ya kuwa hawana khabari. Tunamwomba msomaji asimame kidogo kwenye neno hilo la mwisho. Mdudu yule hakumtuhumu Nabii wa Mungu kwa dhulma. Alimtolea udhuru: akitukanyaga, atakuwa hajui. Na Suleiman alipoyasikia maneno yale hakumdharau msemaji kwa udogo wake. Alitabasamu, akamwomba Mola wake amwezeshe kuzishukuru neema alizopewa na kutenda mema yanayomridhi. Mwenye nguvu aliposikia sauti ya mnyonge, jambo la kwanza alilolikumbuka lilikuwa ni shukrani na amali njema.

Lakini udhuru huu una mpaka. Unamfaa asiyejua. Ama yule aliyekwisha ambiwa kuwa chini ya mguu wake mna kiumbe, kisha akakanyaga, huyo udhuru wa chungu haumfikii.

Tumeyaleta haya kwa sababu pwani yetu imekuwa uwanja wa ujenzi. Mombasa ilifungua gati jipya la makontena mwaka 2016 na gati jipya la mafuta, huko Kipevu, mwaka 2022. Lamu, gati la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, na mpango wenyewe ni wa magati 32. Sisi si katika wanaochukia bandari. Babu zetu waliishi kwa vyombo na biashara ya bahari, na vijana wetu wanataka kazi. Tunalouliza ni jengine: jeshi hili linapopita, ni nani aliye bondeni?

Yuko nguva. Huyu si samaki. Ana damu ya moto, huvuta pumzi juu ya maji kama sisi, na humnyonyesha mwanawe. Chakula chake ni majani yaotayo chini ya bahari, mahali penye maji machache, ambapo ndipo hapo hapo wajenzi wapendapo kuchimba. Huchukua mimba zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, na baina ya mtoto na mtoto hupita miaka mitatu au zaidi. Basi kiumbe wa namna hii ukimpunguza leo, hajazi pengo lake kesho. Desemba 2022 wataalamu wa ulimwengu walimwandika nguva wa Afrika Mashariki kuwa yu karibu mno na kutoweka, wakakadiria kuwa waliokomaa hawafiki 250 katika pwani yote hii. Wachache waliobaki kwetu Kenya huonekana kwa nadra, khasa upande wa Lamu na Kiunga. Yuko pia pomboo mwenye nundu, akaaye karibu na nchi kavu, naye amekwisha andikwa katika walio hatarini. Na wako nyangumi wanaopita kwetu baina ya Julai na Septemba, wakitoka bahari ya barafu ya kusini kuja kuzaa katika maji ya moto.

Sasa fahamu ni vipi nyundo ya gatini huwadhuru hawa bila ya kuwagusa. Sauti ndani ya maji huenda kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na hufika mbali sana. Pomboo haoni kwa macho tu. Hutoa mlio, akasikiliza mwangwi wake, ndivyo ajuavyo samaki yuko wapi, mwamba uko wapi, na mwanawe yuko wapi. Sasa nguzo ya chuma inapopigwa kwa nyundo ya mashini ili ishuke chini ya bahari, pigo baada ya pigo, maelfu kwa siku, kiumbe aliye karibu huweza kuharibika masikio, na aliye mbali hukimbia, akayaacha malisho yake. Katika bahari za Ulaya imeonekana kuwa jamaa wadogo wa pomboo huikimbia kelele hiyo hata wakiwa umbali wa kilomita 20. Pomboo aliyeharibika masikio ni sawa na mtu aliyepofuka. Na mtoto akipoteana na mama yake katika zogo hilo, hana wa kumnyonyesha.

Hapo twakumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ya masahaba waliochukua makinda ya ndege safarini, mama yao akawa anarukaruka juu yao kwa uchungu. Bwana Mtume (S.A.W.) alipomwona aliuliza ni nani aliyemuumiza ndege huyu kwa wanawe, akaamrisha warudishiwe. Ndege yule hakuwa mali ya mtu. Hakuwa na faida kwa jeshi. Uchungu wake peke yake ulitosha kuwa hoja.

Atasema mtu: hao wa bahari ni halali yetu, na wazee wetu wamekula nguva. Ni kweli kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii mlango wa viumbe vya bahari ni mpana. Lakini uhalali wa kula si ruhusa ya kuadhibu. Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya kutupiwa mishale, na miongoni mwa waliofanywa shabaha ni kuku, ambaye hakuna aliye na shaka na uhalali wake. Na Imamu Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alipozitaja haki za mnyama juu ya bin-Adamu alisema kuwa ni wajibu kumlisha hata akizeeka au akiugua, asitarajiwe tena faida. Basi usituulize nguva atuingizia shilingi ngapi! Na juu ya hayo, sheria ya nchi leo inamlinda. Hana mlango wa kuuawa.

Wengine watasema: haya ni mambo ya Wazungu. Hapa ndipo penye kututia haya. Uingereza, tangu mwaka 2010, miongozo yao inataka waangalizi waliofundishwa waitazame bahari nusu saa kabla ya nyundo kuanza, mwendo wa mita 500 kuizunguka nguzo. Akionekana mnyama, kazi isianze. Kisha nyundo ianze kwa mapigo madogo, iongezwe taratibu kwa muda usiopungua dakika 20, ili aliye chini apate kuondoka. Ujerumani wameweka kipimo cha kelele kisichovukwa katika umbali wa mita 750, na ili kukitimiza huzungusha bomba chini ya bahari, wakasukuma hewa ndani yake, likainuka pazia la mapovu la kuikata sauti. Pazia hilo lilijaribiwa Hong Kong mwaka 1996 kwa ajili ya pomboo wao. (Na pomboo wa Hong Kong wamezidi kupungua hata hivyo, kwa kuwa ujenzi haukukoma, pazia si dawa ya kila ugonjwa.) Hawa si wasomaji wa Sura ya Chungu. Wewe unayeisoma, umefanya nini?

Kwetu baadhi ya watu, mashini ikizama au kazi ikikwama, husema majini wa bahari wamekasirika, akatafutwa mbuzi wa kuchinjwa ufukweni. Huo ni ushirikina ulio wazi, na gharama ya mbuzi yule yatosha kumlipa mvuvi mzee akae juu ya mashua siku nzima kuangalia. Naye huyo mvuvi ni bora kuliko mwangalizi mgeni, maana nguva huinua pua tu akashuka, na wakati wa kusi povu la mawimbi humficha. Mwenye kujua mahali anapolisha ndiye atakayemwona. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kuanza kupiga nguzo usiku.

Msidhani kuwa kumpuuza mnyama hakumfikii mtu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kuwa ujenzi wa bandari ya Lamu ulikiuka haki za watu wa pale, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe kiasi cha shilingi bilioni 1.76. Majani ya bahari yanayomlisha nguva ndiyo yanayolea samaki wadogo, na mchanga wa mashini ukiyafunika, nguva na mvuvi huondokewa na riziki pamoja.

Ama Muislamu afanyaye kazi hapo, aliyeshika usukani wa mashini, akaona pezi linatokeza karibu na nguzo, na msimamizi amwambia piga: yampasa asimamishe na aseme. Amri ya mkubwa haimwondolei dhima katika kumdhuru kiumbe bila ya haki. Na kontrakta Muislamu asingojee kusukumwa. Gharama ya waangalizi na ya pazia aiandike katika hesabu yake tangu siku ya kwanza, kama anavyoandika saruji na chuma.

Na kabla ya kazi yoyote kubwa ya pwani, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka ripoti ya madhara itolewe hadharani na wananchi watoe maoni yao katika muda uliowekwa. Mara nyingi viti hivyo hubaki vitupu, au hukaliwa na waliokuja kwa chai. Mkutano ukiitishwa, aende mvuvi, aende na imamu wa msikiti, nao waulize: waangalizi ni wangapi, wataangalia muda gani kabla ya pigo la kwanza, na ni nani katika wao aliye na mamlaka ya kusema simamisha, ikasimama? Majibu yaandikwe, na nakala yake ibaki mjini.