Je, Itachuja?

Blauzi ilikuwa ya pamba, nyeupe, na doa la kutu lilikaa katikati ya kifua, mahali ambapo jicho la mtu hutua kwanza. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na kila mwisho wa juma nilikuwa nauza mitumba na shangazi yangu pale Mlango Mmoja, Mwanza. Aliyewahi kufungua belo anajua: ukishakata zile kamba, hakuna kurudisha. Ukikuta madoa, hasara ni yako, na ada ya chuo haisubiri.

Shangazi alinifundisha kuokoa nguo kabla hajanifundisha kuuza. Damu ifuliwe kwa maji ya baridi, maana maji ya moto huigandisha. Nguo yenye bizari ya manjano, ifue kwa sabuni, iache juani, jua litamalizia kazi. Utomvu wa mgomba usijichoshe nao. Kutu usiitie jiki, utaikaza zaidi; paka ndimu na chumvi, anika. Likigoma, kilichobaki ni kuchovya rangi.

Doa langu liligoma. Nikachemsha maji kwenye sufuria kubwa, nikatia rangi nyeusi ya unga na chumvi, nikawa naigeuza blauzi kwa kijiti karibu saa nzima. Ilitoka nyeusi tii, inapendeza kuliko ilivyokuwa nyeupe. Kazi iliyobaki ni kuisuuza mpaka maji yatoke safi, na hapo ndipo nilipofanya haraka. Wiki ile bomba lilikuwa kavu, tulikuwa tunanunua maji kwa ndoo huku ziwa tunaliona kutoka mlangoni. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya soko kubwa. Nikasuuza ndoo mbili, nikaanika.

Dada mmoja wa rika langu aliichukua, akaipeleka kwenye mwanga.

"Hii ni rangi yake?"

"Rangi yake kabisa, dada. Ya kiwandani."

Alikuwa anatafuta nguo ya kwendea kwenye usaili wa kazi. Akalipa bila hata kuomba nimpunguzie.

Siku nne baadaye alirudi. Mvua ya Machi ilimnyea njiani, na blauzi ikachuja. Rangi iliteremka hadi kiunoni ikaingia kwenye sketi ya rangi ya maziwa, ambayo nayo haikuwa yake. Aliazimwa na mama mwenye nyumba wake, huko Mabatini. Hakupiga kelele. Aliitandaza ile sketi juu ya meza yangu, akasema, "Ungeniambia tu, dada. Ningeivaa na sketi nyeusi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi mwingine. Ningemwambia kwamba mtumba ni mtumba, kwamba mnunuzi ana macho, kwamba hata pasi ninayopiga asubuhi inaficha mikunjo na hakuna anayeniita mwongo. Hoja zote hizo ni za mtu anayeshtakiwa kwa kuuza nguo mbovu. Yeye hakunishtaki kwa hilo. Nguo iliyotiwa rangi angeinunua, na pengine kwa bei ileile. Nilichomnyima ni nafasi ya kuamua aivae na nini.

Waislamu husimulia kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Zingatia kwamba hakuambiwa aitupe nafaka yake. Kulowa si kosa lake, kama vile kutu haikuwa kosa langu. Kosa lilianza pale ilipowekwa chini.

Lakini hapa nakwama kidogo, maana sisi wenyewe tumechovywa. Namjua kijana aliyefungwa kwa wizi, akatoka, leo ana kibanda chake cha kuuza vocha na anaamka kabla ya adhana. Je, kila mteja aonyeshwe doa lake la zamani? Siamini hivyo. Tukitaka kila mtu atembee na doa lake kifuani, hakuna atakayehangaika kulitoa. Mtu ana haki ya kupata rangi mpya na kunyamaza.

Kipimo nilichobaki nacho ni swali moja tu: je, itachuja? Ninalolificha likibaki juu yangu, ni siri yangu. Likiwa na uwezekano wa kushuka kwenye nguo ya mwingine siku ya mvua, huyo mwingine anastahili kujua mapema, wakati bado ana sketi mbili za kuchagua. Na kwa kuwa mara nyingi mimi mwenyewe sina uhakika kama itachuja, kutokuwa na uhakika huko nako ni habari ya kumwambia.

Ile sketi tulijaribu kuiokoa kwa kila njia, weusi haukutoka wote. Safari hii sikuchovya kabla ya kuuliza. Tulipanda wote wawili mpaka kule juu Mabatini, kwenye nyumba zilizobanana na mawe, nikamweleza mama mwenye nyumba kila kitu, pamoja na lile neno "kiwandani". Alininyamazia muda mrefu. Kisha akasema, "Tia rangi. Lakini ya bluu. Nyeusi ni ya misiba." Niliisuuza ndoo saba.

Kazi yule dada hakuipata. Sijui kama ni kwa sababu ya sketi, wala sikuthubutu kumuuliza.

Alipoipokea sketi yake, yule mama aligeuza pindo, akanionyesha mishono. Kitambaa cha pamba kilikuwa kimekunywa bluu yote, ila uzi wa kushonea ulikuwa wa poliesta, nao haunywi rangi ya namna ile. Ulibaki na weupe wake wa maziwa, mstari mmoja kuzunguka pindo lote.

Siku hizi mteja akishika nguo niliyoichovya, namgeuzia pindo kabla hajauliza. Wengine huirudisha. Wengine huangalia ule uzi, wakauliza bei.