Usipimie Dirisha Moja

Mjukuu wangu,

Namba uliyonitumia nimeisoma mara tatu karibu na moto, maana baridi ya Juni hapa Mdandu haimruhusu mzee kukaa mezani. Neno hili, usipimie dirisha moja, nimewaambia wanafunzi wengi hadi koo limechoka. Wewe nitakuambia tena, polepole.

Umeweka kipima mwanga kwenye dirisha la kwanza la bomba, pale mwale wa atomu unapotoka kwenye kasha la gesi. Ukahesabu mwanga mwekundu wa nanomita 656.3, ukaandika idadi ya atomu za haidrojeni zilizopanda ngazi ya tatu. Mwanangu, ngazi hiyo ina vyumba vitatu, 3s, 3p na 3d, na vyote vinatoa wekundu ambao chujio lako haliwezi kuutenganisha. Umehesabu kaya tatu ukaziita moja.

Hapa jikoni nimewasha majani makavu, vijiti na gogo la mwati. Anayechungulia mlangoni sasa anaona moto mmoja. Akirudi baadaye kidogo, majani yamekwisha. Akija usiku wa manane atalikuta gogo peke yake. Ndivyo zilivyo atomu zako: za 3p huishi kwa wastani nanosekunde 5.3, za 3d 15.5, za 3s 158. Saa ya kuzipimia unayo, ni rula. Protoni iliyosukumwa kwa volti 100,000, ikinyakua elektroni ndani ya gesi, inatoka ikiwa atomu inayokimbia karibu kilomita 4,400 kwa sekunde. Katika umri wake wa wastani, 3p inasafiri sentimita 2.3, 3d karibu 7, na 3s karibu 70. Sogeza kipimo chako hatua kwa hatua kando ya bomba. Anza mbali, ambako 3s imebaki pekee, uijue hiyo kwanza. Kisha urudi nyuma ukiitoa katika hesabu.

Hizo za 3p ndizo zinazonisikitisha zaidi. Kati ya 100, kama 88 huanguka moja kwa moja hadi chini na kutoa urujuanimno usiopita kwenye kioo chako. Ni 12 tu zinazokupa wekundu. Usipouzidisha wekundu huo kwa 100 na kuugawanya kwa 12, umezifuta zilizokuwepo.

Kagua pia umeme uliozagaa karibu na bomba, kwa kuwa unachanganya 3s na 3p, na 3s hufa kabla ya siku zake.

Nami ujanani, katika maabara ya ugenini, niliharakia kurudi nyumbani nikapima madirisha mawili tu. Mikunjo mingi ilipita kwenye nukta zangu mbili, nami nikachagua ule nilioupenda. Nilirudia kazi miezi mitano.

Bomba lako, umesema, lina urefu wa sentimita 30. Mwombe msimamizi akuongezee kipande kingine, hata kama tasnifu itachelewa muhula mmoja. Kwa karo ya muhula huo tutauza viazi. Ukifika sentimita 70, nipigie, hata iwe usiku.