Chomeka Mashine, Mochi Isilale Kabatini

Kama kabatini una mochi, ule mchele wa kunata uliotwangwa wa Kijapani, na jikoni una mashine ya wafoli, ile ya mabamba mawili yenye vishimo vya mraba, unangoja nini? Usingoje sikukuu, usingoje wageni. Leo hii, kwa dakika chache, unaweza kula kitu kinachovunjika kwa mlio nje na kuvutika kama ulimbo ndani.

Najua kinachokurudisha nyuma. Umeona Wajapani wanavyotwanga mochi kuelekea mwaka mpya: mchele wa kunata uliolowekwa usiku kucha na kupikwa kwa mvuke, kinu kizito, nyundo kubwa ya mbao. Mmoja anapiga, mwenzake anaingiza mkono uliolowa kati ya pigo na pigo, anaugeuza mchele kabla nyundo haijarudi. Ukasema moyoni, haya siyawezi. Lakini kazi hiyo umeshafanyiwa! Kirimochi, vile vipande vikavu vya mstatili vyenye gramu 50 hivi kila kimoja, ni mchele uliokwisha kutwangwa. Kilichobaki ni moto, na moto unao.

Basi anza. Acha mashine ipate moto sawasawa, paka mafuta kidogo. Kata kirimochi vipande vyembamba, vipange kwa kuachana maana vitatanuka, kisha funika. Mwanzoni utaona kama hakuna kinachoendelea. Hapo ndipo wengi hukosa subira wakafunua, na mochi ikachanika, nusu juu nusu chini. Wewe usifunue! Mochi ikilainika, kifuniko kitashuka chenyewe. Baada ya dakika nne au tano mvuke utapungua na harufu ya mchele uliokaangika itajaa jikoni. Sasa inua taratibu: ikiwa imekauka vizuri nje, itabanduka bila ugomvi. Ikigoma, ifunike tena, ipe dakika nyingine.

Vile vishimo ndivyo siri ya utamu. Kila ukingo unaguswa na chuma cha moto, ukoko unakuwa mwingi, na mashimo yanabaki tayari kushika chochote utakachomimina. Nyunyiza sosi ya soya na uzungushie nori, ule mwani mkavu. Au weka kinako, unga wa soya iliyokaangwa, pamoja na sukari. Au fukia jibini katikati ya vipande viwili kabla ya kufunika.

Huna kirimochi? Usikunje mikono. Ulizia unga wa mchele wa kunata kwenye maduka ya vyakula vya Asia, uchanganye na maziwa, yai, sukari na hamira ya unga, umimine kwenye mashine hiyo hiyo. Ila usidanganyike na unga wa mchele wa kawaida. Wanga wa mchele wa kunata karibu wote ni amilopektini, na hiyo ndiyo inayoleta mvutiko.

Kuna jambo moja la kushika kwa dhati. Mochi hukwama kooni. Japani kila mwaka mpya wapo wazee wanaopaliwa nayo, na wengine hufa. Kata vipande vidogo, tafuna sana, na usimwache mtoto wala mzee aile peke yake.

Na kama unadhani mashine inaivunjia heshima mila ya watu, tazama wenyewe wanavyofanya. Mochi ya kupamba nyumba mwaka mpya hukaa siku nyingi ikakauka kama jiwe, na tarehe 11 Januari familia nyingi huivunja, zikaipika na kuila. Haitupwi. Wajapani hao hao ndio walioiingiza kwenye mashine ya wafoli na kuipa jina, moffuru. Mila inayopikwa ndiyo inayoishi. Kwa hiyo inuka sasa, fungua hilo kabati, chomeka mashine, uite watu wa nyumbani mle ingali moto!