Je, Uganga Una Kabila?

Mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wa kubuni, ulipochapishwa Marekani mwaka 1974, mchezaji aliyejifanya elfi, yaani mmoja wa wale watu wa hadithi za Ulaya wasiozeeka, alipewa uchawi uleule wa binadamu. Waelfi waliloga kutoka orodha moja na binadamu: wakiwalaza maadui usingizi, waliwalaza kama wao; wakirusha moto, moto ulikuwa mmoja. Tangu hapo watungaji wa michezo ya aina hii wamehangaika kuupa uchawi wa Waelfi ladha yake, na mara nyingi wameishia kwenye urembo. Moto unageuzwa kuwa wa kijani, fimbo inachipua majani, maneno yanaimbwa badala ya kusemwa. Yote hayo ni rangi ya ukutani. Mwandishi Tolkien, ambaye Waelfi hawa wametoka kwake, aliliona tatizo mapema: katika The Lord of the Rings, Galadriel, bibi wa Kielfi, anashangaa kwamba hobiti, wale watu wafupi wa hadithi hiyo, wanaitia kazi yake na hila za Adui katika kapu moja. Swali lililo chini ya mshangao huo si la mchezo tu. Nguvu mbili zikitenda jambo lilelile, kipi kinaifanya hii kuwa ya watu hawa na ile kuwa ya wale? Jibu langu ni kwamba tusitazame kinachotendwa, tutazame anachodaiwa mwenye kuishika. Na ushahidi ulio wazi kuliko wote ninaoujua uko huku kwetu, katika pwani ya Kenya.

Pepo wa pwani hii wana makabila. Yuko wa Kiarabu, yuko wa Kisomali, yuko wa Kimasai, na ukiwauliza waganga wanaowajua, hawatawatofautisha kwa ugonjwa wanaouleta pekee, kwa maana kichwa kinachouma ni kichwa tu. Tofauti iko katika madai. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika Palms, Wine and Witnesses (1972), alieleza habari za Wagiriama wa upande wa Kaloleni waliougua, wakaenda kwa mganga wa mburuga, yaani mpiga ramli, wakaambiwa kwamba aliyewapanda ni pepo wa Kiislamu. Dawa ikawa ni kufunga Ramadhani, kuacha tembo la mnazi na kuacha nyama isiyochinjwa kwa sheria. Hebu tufikiri maana yake kwa Mgiriama wa miaka ile. Hakuna matanga, mahari wala baraza la wazee lililopita bila mnazi. Aliyeacha kunywa na kula na wenziwe alikuwa ametengwa na pepo wake kutoka kwenye kila jambo lililomfanya kuwa mtu wa watu, bila hata kuhama nyumba. Ladha ya pepo yule ilikuwa kwenye sahani ambayo mwenyeji wake hakuigusa.

Parkin mwenyewe anatupa pingamizi la kwanza, na ni zito. Aliona kwamba wengi wa walioshikwa na pepo hawa walikuwa vijana wenye kujitafutia, wanunuzi wa mashamba na minazi, ambao karamu zisizokwisha zingewamalizia mtaji. Pepo aliyekataza mnazi aliwaokolea fedha. Je, basi si kisingizio tu? Huenda, kwa baadhi yao. Lakini kisingizio hufaa pale tu ambapo wanaoambiwa wanakikubali. Wazee waliochukizwa na kijana anayekwepa karamu hawangemsamehe kwa pepo yeyote wa kubuni. Walimsamehe kwa sababu kila mtu alijua pepo wa Kiislamu anataka nini na hataki nini. Yaani hata mjanja aliyemtumia pepo kwa faida yake alilazimika kuishi ndani ya miiko yake, mbele ya macho ya kijiji kizima.

Kaya, yaani makao ya kale ya Wamijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao, nazo zinasema hilohilo kwa njia nyingine. Wageni hudhani kaya ni takatifu kwa kuwa ni msitu, na mtungaji wa michezo akisikia msitu hurukia Waelfi papo hapo. Mambo ni kinyume. Kaya zilikuwa miji yenye maboma, na miti imesalia kwa sababu ya miiko, huku mashamba yakimeza kila kitu pembeni mwake. Nguvu, kwa mapokeo ya Wamijikenda, iko katika fingo, yaani kago la ulinzi, lililoletwa kutoka Singwaya, nchi yao ya asili, na kuzikwa katikati. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo kupinga kodi na kazi ya serikali ya kikoloni ya Kiingereza, na viapo viwili vikaliwa: mukushekushe kwa wanawake, fisi kwa wanaume. Hapakuwa na moto uliorushwa kwa Mwingereza. Kiapo kilimlenga aliyekila: ndiye ambaye kingemdhuru endapo angelipa kodi au kumpeleka mwanawe kazini. Sioni mchezo mkubwa wa kifantasia unaouweka uchawi wa aina hiyo mbele, uchawi ambao shabaha yake ni watu wako mwenyewe. Serikali iliuelewa vyema. Iliwakamata viongozi wote wawili na kuwapeleka Kisii, ikaifunga kaya, na Agosti 1914 ikailipua kwa baruti. Hakuna anayepoteza baruti kwa porojo.

Atatokea wa kusema kwamba huku pwani mambo yote yamechanganyika, hivyo kutafuta nguvu ya watu fulani ni kutafuta kisichokuwapo. Mganga wa Kigiriama huandika maandishi ya mfano wa Kiarabu na huita pepo wa Kiarabu. Anayechemsha mizizi huuza pia kombe, yaani maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji na kunywewa. Ni kweli, na ndiyo maana kitabu cha Janet McIntosh kuhusu Malindi, The Edge of Islam (2009), kinafaa hapa. Anaonyesha kwamba Wagiriama wengi huzitumia nguvu za Uislamu bila kuziyeyusha ndani ya zao. Uislamu wanauona kuwa una wenyewe, Waswahili na Waarabu, na mganga huukaribia kama anayekopa, akijua mali ni ya nani. Mpaka umebaki, ila watu wanauvuka. Kama nguvu zingekuwa zimechanganyika kweli, pepo wa Kiarabu asingekuwa na sababu ya kumkataza mtu mnazi.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la heshima: hii ni imani ya watu walio hai, si ghala la vifaa vya mchezo. Nakubali kwamba fingo, majina ya kaya na ya viapo yaachwe yalipo. Kinachoweza kuazimwa ni mpango wa mambo, na mpango huo ni mgumu kuigiza kuliko majani ya kijani. Mwiko ukiandikwa katika kanuni za mchezo kama gharama, wachezaji wataupigia hesabu, watalipa na kusonga mbele. Mgiriama wa Parkin hakulipa kwa kila tiba. Alibadilishiwa watu wa kula nao. Basi elfi abaki na moto uleule wa binadamu, neno kwa neno, ila tangu siku aliyoushika asile kilichopikwa na asiye wa kwao, na kanuni zisimpe njia ya kujikomboa. Wenzake watakapoketi kugawana chakula na mipango ya kesho, mchezaji wake ndiye atakayelazimika kuamua elfi huyo anakaa wapi.