Jua, Rangi za Watu, na Dhamana Iliyo Juu Yetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, wiki chache zilizopita, tulipomaliza darsa yetu baada ya Maghribi, mzee mmoja alisimama akauliza suala. Binti yake amefuzu mtihani, naye ataka kwenda chuo kikuu kusoma ilimu ya viumbe, yaani namna mwili ulivyojengwa mpaka katika chembe zake zisizoonekana kwa jicho. Mzee akasema: "Shekhe, mimi naogopa. Nimesikia wenye kusoma hayo hurudi wameacha sala. Nimwache ende, au nimzuie?" Kabla sijamjibu, kijana mmoja akadakia: "Mzee wangu, haja gani ya kwenda? Wanayoyavumbua yote yamo katika Qur'ani tangu zaidi ya miaka elfu na mia nne. Na akae asome Msahafu, atayapata." Baadhi ya waliokuwapo wakampigia kijana takbiri.

Mimi sikupiga. Naliomba nipewe muhula, na jawabu yangu ndiyo hii. Nitaanza kwa khabari ambayo yanitia haya, lakini kuificha kwaniogopesha zaidi kuliko kuisema.

Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nilikuwa nikisomesha chuoni. Miongoni mwa watoto alikuwako mmoja mwenye ualbino. Baba yake alikuwa amemwacha mama yake, akisema hadharani kwamba mtoto wa rangi ile si wake. Mtoto hakuona vizuri. Alikuwa akiutia Msahafu karibu ya kugusa pua. Mimi nikidhani ni uvivu, na mara nyingine nalimtia fimbo. Kisha nikamketisha mbele, uani, pahala ambapo jua lapiga tangu asubuhi hata adhuhuri. Shingo na masikio yake yakababuka. Mama yake alipokuja kunishitakia, nalimwandikia kombe, nikamwambia asubiri, kwani hayo ni majaaliwa. Yule mtoto alikua, akawa muuza samaki sokoni, juani kutwa. Kidonda kikamtoka sikioni, kisipone. Alipopelekwa hospitali, saratani ilikwisha mwenea. Alikufa na umri wa miaka ishirini na mitano, na mimi ni miongoni mwa waliomsalia.

Ndugu zangu, mimi nalikuwa nimehifadhi Qur'ani yote wakati ule. Basi mbona sikuyajua yaliyokuwa yakimuua mwanafunzi wangu mbele ya macho yangu? Kwa sababu sikuyasoma, wala sikumuuliza aliyeyasoma. Hilo ndilo jawabu la kwanza kwa yule kijana wetu.

Natumai sasa mtanivumilia nieleze wataalamu wamesema nini.

Jua liko mbali nasi kwa kadiri ya kilomita milioni 150, na mwangaza wake hutufikia kwa muda wa dakika nane na kitu. Uso wake una joto la kadiri ya digrii 5,500. Lakini ile taji nyeupe ilizungukayo, ionekanayo jua linapopatwa lote, ambayo wao huiita korona, joto lake lapita digrii milioni moja. Vipi kilicho mbali na tanuri kikawa na moto kuliko tanuri yenyewe? Jambo hili limewashughulisha kwa miaka mingi, na mpaka leo hawajalimaliza.

Mwaka 1958 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Parker, aliandika kwamba kutokana na joto la korona hapana budi jua latoa upepo wa vumbe ndogo mno, uendao kasi pande zote. Wakaguzi wa jarida walimkataa. Mhariri, Subrahmanyan Chandrasekhar, naye hakuikubali rai ile, lakini alipoona hakuna kosa katika hesabu zake, akaichapisha. Mwaka 1962 chombo Mariner 2, kilichokuwa kikienda kwenye sayari ya Zuhura, kikaupima upepo huo. Mwaka 2018 Wamarekani wakarusha chombo kingine kulielekea jua, wakakipa jina la Parker, na mwenyewe, mzee wa miaka 91, alikuwapo akikitazama kikipaa. Alifariki mwaka 2022. Tarehe 24 Desemba 2024 chombo chake kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka uso wa jua. Hakuna kitu kilichoundwa na mikono ya watu kilichowahi kulikaribia zaidi ya hivyo.

Tazameni, enyi wanafunzi wa ilimu ya Hadithi! Je, huu si mwendo tuujuao? Maulamaa wetu hawakuikubali khabari kwa kuwa yapendeza, wala hawakuikataa kwa kuwa ni ngeni. Waliuliza: nani aliyesema, alisikia kwa nani, na je, aaminika? Kauli ilipothibiti waliipokea, hata kama haikuafiki rai zao. Yule mhariri alifanya insafu hiyo. Sisi wenye isnadi tumeiacha, twapokea kila uvumi ulioletwa na mtu ajuaye kupaza sauti.

Basi nakuuliza, ewe kijana uliyesema kwamba yote yamo: ni nani kati yetu aliyeutoa upepo wa jua katika Msahafu kabla ya mwaka 1958? Surat Yasin yasomwa kwetu usiku na mchana, juu ya wagonjwa na juu ya maiti, nayo yataja mwendo wa jua. Kwa nini tukangoja mpaka mtu wa Chicago aseme, ndipo tukaruka na kudai kwamba tulikuwa tukijua? Huu si utukufu wa Qur'ani, bali ni kuifanya mkia wa maneno ya watu. Na kesho wataalamu wakirekebisha kauli yao, kama ilivyo desturi yao, utaigeuza na aya? Qur'ani ni uwongozi. Imetuamrisha tutazame na tufikiri, wala haikuteremshwa ili ituondolee taabu ya kutazama.

Wala msidhani kwamba mambo haya yako mbali nasi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kuchunguza mbingu kwa miali ya eksirei, cha kwanza duniani kwa kazi hiyo. Kikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Bahari ilikuwa yetu, na jina lilikuwa la lugha yetu. Ilimu iliyokirusha ilikuwa ya nani?

Sasa natushuke kutoka jua mpaka ngozi ya mwanaadamu.

Katika mwangaza wa jua mna miali isiyoonekana, iitwayo urujuanimno. Sehemu kubwa ya ile iliyo kali huzuiwa na hewa ya juu kabla ya kutufikia, na iliyobaki hutupiga. Ndani ya kila chembe ya ngozi mna uzi mwembamba uitwao DNA, nao ukinyoshwa hupata urefu wa kadiri ya mita mbili. Katika uzi huo mmeandikwa, kwa mfano wa herufi, kadiri ya bilioni sita, maagizo ya namna mwili utakavyojengwa na kufanya kazi. Miali ile ikiupiga, hugandamanisha herufi mbili zilizo jirani, maandishi yakaharibika. Uharibifu ukizidi bila kutengenezwa, chembe huweza kuasi na kuzaana bila kiasi, na hiyo ndiyo saratani.

Lakini hatukuachwa bila ya walinzi. Mlinzi wa kwanza ni rangi iitwayo melanini, nayo hukaa juu ya moyo wa chembe mfano wa mwavuli. Mlinzi wa pili ni mafundi walio ndani ya chembe, ambao huupitia uzi, wakaliona kosa, wakakata kipande cha kadiri ya herufi thelathini, kisha wakakiandika upya. Aliyetufahamisha kazi ya mafundi hawa ni Aziz Sancar, mzaliwa wa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Savur, nchi ya Uturuki, mtoto wa wazazi wasiojua kusoma ambao walishikilia kwamba watoto wao lazima wasome. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Mzee wangu uliyeuliza, wafikirie wazazi wale. Lau wangalimzuia mtoto wao kwa khofu, wangalikuwa wamewazuilia watu wangapi manufaa?

Mwenye ualbino hana mwavuli ule, au anao haba mno. Mafundi wake wapo, lakini kazi huwazidi. Ndiyo sababu jua litukunjishalo uso sisi, yeye lamchoma. Na macho yake pia hupungukiwa na nuru kwa ukosefu wa rangi hiyo hiyo. Si uvivu, si pepo, si laana.

Na je, hutoka wapi? Maagizo ya rangi kila mtu huyapokea mara mbili, nakala moja kwa baba na nakala moja kwa mama. Mtu akiwa na nakala moja njema, rangi yake hutimia, asijue kwamba ya pili ina upungufu. Wakikutana mume na mke wenye upungufu huo wote wawili, huweza kuzaliwa mtoto aliyepata nakala mbili pungufu. Yaani yule baba aliyemtupa mkewe, nusu ya jambo lile ilitoka mgongoni mwake mwenyewe!

Na hapa, ndugu zangu, pana jambo la kuliza. Maana Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliulizwa suala kama hili. Bedui alimjia akilalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamwuliza khabari ya ngamia wake na rangi zao, na kama kati yao yuko wa kijivu. Alipokiri kwamba yuko, akamwuliza ametoka wapi. Bedui akasema huenda ni asili ya kale iliyomvuta. Mtume akamjibu kwamba huenda na mtoto wake ni vivyo hivyo. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim, nasi twaisoma. Hakumfundisha Bedui ilimu ya DNA. Alimfundisha uadilifu, asimtuhumu mkewe kwa rangi ya mtoto. Nasi tukaichukua Hadithi, tukaiacha hukumu yake.

Basi nasema kwa wazi. Mwenye kumtuhumu mkewe zina kwa sababu ya mtoto mwenye ualbino amejitia katika dhambi kubwa. Mwenye kumfungia mtoto hirizi akamwacha kichwa wazi juani amemdhulumu. Walimu wa vyuo, waketisheni watoto hawa mbele, lakini kivulini, na muwaandikie kwa herufi kubwa. Wazazi, wavisheni kofia pana na mikono mirefu, muwapake dawa ya kukinga jua, na kidonda kisichopona msikingoje: nendeni hospitali upesi. Matajiri, mtafutieni mmoja wao kazi ya ndani ya duka au afisi. Katika nchi yetu wako wenye ualbino waliofika daraja la ujaji na ubunge. Kombe na dua si badala ya daktari. Mtume ametuamrisha kujitibu, na dua ya mwenye kuacha sababu ni kama safari ya mtu aliyeketi.

Na wewe mzee wangu, mwache binti yako ende. Mfunze sala kwanza, umwombee, kisha mwache ende. Katika Surat Fatir Mola wetu ametutajia tafauti za rangi za matunda, na majabali, na watu, na wanyama, na papo hapo akatuarifu kwamba wenye kumcha ni wale wenye ilimu. Wallahi nimeipita aya ile mara nyingi nisijue kwamba yanihusu mimi na mtoto niliyemketisha juani. Huenda binti yako akasoma yale ambayo shekhe wake hakuyasoma, akamwokoa mtoto wa mtu mwingine.

Ewe Mola, msamehe na umrehemu yule uliyempa dhamana yake mikononi mwangu nami nisiijue, na unisamehe mimi, na usitufanye miongoni mwa wenye kusoma bila ya kufahamu. Amin.